Je, wajua kwa nini Zotero, ile programu ya kupanga marejeo, inamfanya mhariri wa 1962 aonekane ndo aliyeiona Qanbalu?

Chukua mfano huu: mtu anaandika disatesheni kuhusu Qanbalu, kile kisiwa cha bahari ya Zanj ambacho wataalamu wengi wanasema ni Pemba yetu, halafu mwisho wa sentensi programu inamtilia (Freeman-Grenville 1962). Hebu! Aliyefika Qanbalu ni al-Masudi, yule msafiri na mwanahistoria Mwarabu, safari yake ya mwisho kutoka huko ilikuwa mwaka 916. Freeman-Grenville yeye alikusanya hati za pwani yetu, akazihariri, zikatoka Oxford kwenye kitabu kimoja mwaka 1962.

Sababu ni kwamba Zotero na wenziwe hawasomi kitabu, wanasoma visanduku ulivojaza, na staili nyingi za marejeo zimepewa amri ile ile: tafuta mwandishi, hayupo chukua mhariri, hayupo chukua mtarjumi, wote wakikosekana ndo jina la kitabu linakuja mbele. Mkusanyiko wa hati hauna mwandishi mmoja, kwa hiyo mhariri anapita tu.

Na ukijifanya mjanja ukaiingiza hati yenyewe kama sura ya kitabu, mwandishi al-Masudi, inakuja (al-Masudi 1962), yaani mtu aliyefariki 956 kachapisha kitabu miaka miwili kabla ya Mapinduzi, wallahi msimamizi atacheka mpaka basi.

Ndo maana makusanyo makubwa wanahistoria wanayaita kwa jina la mkusanyiko. Kuna ile Monumenta Germaniae Historica ya Ujerumani, kazi ilianzishwa 1819, wahariri wamepita vizazi kwa vizazi, nani atawataja wote, wanaandika MGH imekwisha. Kwa upande wetu huku kuna Documentos sobre os Portugueses em Moçambique e na África Central, hati za Wareno zenye habari za Kilwa na Sofala, juzuu zake zilianza kutoka Lisbon 1962, nayo ukiandika Documentos, juzuu na ukurasa, msomaji anaipata.

Sasa kuilazimisha programu: kwenye Zotero mtoe mhariri kwenye nafasi yake umuweke kama mchangiaji, maana staili nyingi hazimchapi mchangiaji, halafu jaza kisanduku cha jina fupi. Wanaotumia LaTeX, programu ya kupanga maandishi, na biblatex, kifurushi chake cha marejeo, wana raha zaidi, unatia useeditor=false kwenye options za kitabu hicho tu na jina la mhariri halipotei, linashuka nyuma ya jina la kitabu, na kifupisho kama MGH unakitia kwenye shorthand.

Mimi kitabu cha juzuu moja kama cha Freeman-Grenville ningemwacha mhariri kwenye mabano, mradi al-Masudi nimtaje kwenye sentensi yenyewe. Ila yenye juzuu nyingi, jina la mkusanyiko tu. Na ukishabadilisha, kwenye orodha ya marejeo kaitafute Documentos kwenye D, sio kwenye herufi ya mhariri, watu wengi wanadhani imefutika.