Msaada wa Wahisani: Yanayosemwa na Yaliyomo Kwenye Mikataba

Neno msaada limebebeshwa mzigo mkubwa mno katika mazungumzo yetu. Barabara, shule au reli iliyojengwa kwa fedha za nje huitwa ya msaada, na anayesikia huamini kwamba hakuna atakayedaiwa. Kati ya dhana zote potofu kuhusu jambo hili, naiona hii kuwa yenye madhara zaidi, kwa sababu humfanya mwananchi asiulize masharti.

Ukweli ni kwamba fedha za maendeleo huja ama kama ruzuku, ambayo hairudishwi, ama kama mkopo wenye masharti nafuu, ambao hulipwa kwa miaka mingi kwa riba ndogo au bila riba kabisa. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ni mfano mzuri. Baada ya Benki ya Dunia na nchi za Magharibi kukataa kuigharimia, China ilikubali mwaka 1967, ikatoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, na ujenzi ukafanyika kati ya 1970 na 1975. Ulikuwa mkopo wa kirafiki kwelikweli, lakini ulikuwa mkopo. Hata gharama za ndani zililipiwa kwa njia ambayo wengi wameisahau: China ilileta bidhaa zake, zikauzwa katika maduka ya Tanzania na Zambia, na mapato yake yakatumika katika ujenzi.

Wengine hudhani kwamba mataifa tajiri hutoa sehemu kubwa ya mali yao. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliweka lengo la asilimia 0.7 ya pato la taifa, na ni nchi chache tu zilizowahi kulifikia. Uingereza ililifikia mwaka 2013, kisha ikashuka hadi asilimia 0.5 mwaka 2021.

Husemwa pia kwamba mpokeaji hana sauti. Mwaka 1965, Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki nchini Tanzania, Mwalimu Nyerere aliiambia iondoe na misaada mingine ya kiserikali. Miaka thelathini baadaye, uhusiano wa Tanzania na wahisani ulipokuwa umezorota, jopo huru lililoongozwa na Profesa Gerald Helleiner wa Kanada lilikosoa pande zote mbili: wahisani kwa kuingilia mno, na Serikali kwa kutoshika usukani wa mipango yake. Ripoti hiyo ya 1995 ilifungua njia ya makubaliano mapya, na inastahili kusomwa hata leo.

Mwisho, si kweli kwamba fedha zote huingia Hazina. Sehemu kubwa hulipwa moja kwa moja kwa wakandarasi, washauri na mashirika yanayotekeleza miradi, au hununuliwa dawa na vifaa, kama ilivyokuwa kwa mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanza mwaka 2003. Ndiyo maana Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, waliopokea amri ya kusitisha kazi walikuwa watekelezaji wa miradi, na pamoja nao wahudumu ambao mishahara yao haikuwahi kupitia katika bajeti ya Serikali.