Rupia haivuti mchele

Wanaonipigia simu kuhusu sarafu huongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuza cha wizi, na swali huwa moja: "Kaka, nitajuaje kama inavuta mchele?" Simulizi hiyo imezagaa huku Nyanda za Juu Kusini. Eti rupia ya Mjerumani, sarafu ya enzi za ukoloni wake hapa kwetu, ikisogezwa karibu na punje za mchele, punje zinaifuata, na yenye sifa hiyo inauzwa mamilioni. Rupia ni fedha na shaba kidogo. Haivuti hata msumari, seuze mchele. Ukiona punje zinasogea, ujue zimepakwa unga wa chuma na kuna sumaku imefichwa mahali. Kisha utaombwa "hela ya kupimia", na hapo ndipo biashara yenyewe ilipo.

Mwezi uliopita mama mmoja muuza vitunguu pale Mwanjelwa alinifungulia fundo la kanga. "Ya marehemu bibi hii. Itazame, mwanangu, lakini isitoke mbele ya macho yangu." Nikaanza na mzani, ule mdogo wa wanunuzi wa dhahabu. Rupia ya Mjerumani ikiwa mpya ni gramu 11.66, upana milimita 30, na fedha yake ni takriban asilimia 92. Ya mama ilisoma 11.4. Imesagika kwa kushikwashikwa, hakuna shida. Bandia nyingi ninazoletewa hazifiki hata 10, na nyingine zinairukia sumaku. Upande mmoja yupo Kaisari Wilhelm II na chapeo yake yenye tai; wa pili mwaka 1910 na herufi J, maana yake ilipigwa Hamburg. Ingekuwa A, ni Berlin. Ukingoni, kwa lenzi, nikaona kovu la kulehemu. Bibi aliivaa shingoni. Wakusanyaji hushusha bei kwa kovu kama hilo. Mimi zilizovaliwa ndizo nazipenda zaidi.

Ardhini, ninakotafuta kwa mashine, rupia ni nadra. Utakachokutana nacho ni heller, sarafu yake ndogo. Hadi Wajerumani walipobadili hesabu mwaka 1904, rupia moja iligawanywa kwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa. Baada ya hapo ikawa heller 100, na neno likabaki mdomoni mwetu: hela. Ninayoisaka bado ni heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekata njia ya sarafu kutoka Ulaya, Wajerumani wakapiga zao kwenye karakana ya reli, zikiwa na herufi T. Ni kazi ya haraka na inaonekana.

Detekta yangu, mashine inayolia ikipita juu ya chuma kilichofukiwa, niliinunua kwa mchimbaji wa Chunya, na hilo lilikuwa kosa. Mashine ya dhahabu haichagui: kifuniko cha soda, msumari, ganda la betri, vyote inavilia. Halafu udongo wetu mwekundu una chuma kingi. Usipoirekebisha kwa ardhi unayosimama, inapiga kelele yenyewe. Siku nzima shambani kwa shemeji, Ilula, niliambulia vifuniko 31 na shilingi moja ya simba, ya enzi za Mwingereza, mwaka 1924. Nikaisugua kwa limau na majivu. Iling'aa kidogo, kisha ikageuka nyekundu, kwa sababu shilingi za miaka ile zina fedha robo tu, na ngozi ya juu niliiondoa kwa mkono wangu. Siku hizi naloweka kwenye maji ya mvua usiku kucha, naacha ikauke, basi.

Kalenga, Lugalo na Isimila, maeneo ya kihistoria ya Iringa, siendi na mashine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kabla ya kuchimba mabaki ya kale, na ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, pale Kalenga, iliyoangushwa na Wajerumani 1894, si mahali pa kutoboatoboa jioni.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba mchele kidogo kwa jirani wa meza ya pili, akaumwaga juu ya gunia, akaiweka rupia katikati. Tukainama watatu.

"Haa," jirani akasema, "hata haitikisiki."

Mama akaurudisha mchele wote wa watu, akafunga fundo lake, akaniuliza kama nachukua vitunguu.