Jordan ni mshirika wa kutegemewa? Tazama kwanza kama bunge lilipiga kura

Swali la kama taifa la Kiarabu linaweza kuwa mshirika wa kutegemewa huulizwa kana kwamba nchi 22 za Jumuiya ya Nchi za Kiarabu zina tabia moja. Qatar peke yake inatosha kulivuruga: ina kambi kubwa ya jeshi la Marekani pale Al Udeid, na kwa miaka mingi imewapa viongozi wa kisiasa wa Hamas makao mjini Doha. Kwa hiyo nachukua nchi moja tu, Jordan, na washirika wake wawili ambao ndio huuliza swali hili zaidi, Marekani na Israel. Rekodi yake ni ndefu na karatasi zake nyingi zinasomeka na yeyote anayezitaka.

Msimamo wangu ni huu: Jordan hutegemewa sana kwa yale ambayo ikulu ya Amman inaweza kuyafanya bila kupita bungeni, na haitegemewi kwa yale yanayoitaka isimame hadharani upande wa Israel au wa Marekani mbele ya wananchi wake. Zaidi ya Wapalestina milioni mbili wameandikishwa huko kama wakimbizi na UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, katika nchi ya watu wapatao milioni 11. Wengi wao ni raia kamili wa Jordan. Serikali yoyote ya Amman hufanya hesabu zake ikijua hilo.

Chombo cha kwanza cha kazi ni kifungu cha 33 cha katiba ya Jordan. Fungu lake la kwanza linampa mfalme mamlaka ya kutangaza vita, kufanya amani na kuridhia mikataba. Fungu la pili linasema kwamba mkataba unaoigharimu hazina ya serikali, au unaogusa haki za Wajordan, hauna nguvu mpaka Bunge la Taifa liuidhinishe. Kisha linaongeza kwamba masharti ya siri ya mkataba yasipingane kamwe na yale ya wazi. (Katiba nyingi zingeona aibu kutaja kwamba mikataba ina masharti ya siri. Hii imeyawekea utaratibu.)

Sasa weka ahadi nne za Jordan mbele ya kifungu hicho, uone kila moja ilivyopita.

Ya kwanza ni mkataba wa amani na Israel, uliotiwa saini Wadi Araba tarehe 26 Oktoba 1994. Huu ulipelekwa bungeni, ukajadiliwa na kupita kwa kura 55 dhidi ya 23. Umevumilia mengi. Septemba 1997 majasusi wa Israel walijaribu kumuua kwa sumu kiongozi wa Hamas, Khaled Mashal, katikati ya Amman. Mfalme Hussein akadai dawa ya kuizima sumu hiyo, akaipata, na mwanzilishi wa Hamas, Sheikh Ahmed Yassin, akatolewa gerezani Israel. Mwaka 2018 mwanawe, Mfalme Abdullah, alikataa kuongeza muda wa Israel kutumia mashamba ya mpakani ya Baqura na Ghamr, muda ambao mkataba wenyewe uliuweka kuwa miaka 25. Novemba 2023 balozi wa Jordan aliitwa nyumbani na yule wa Israel akaambiwa asirudi. Lakini mkataba haukuvunjwa, na ukiusoma utaona kwamba kila hatua ya Jordan niliyoitaja ilichukuliwa bila kugusa kifungu chake cha 4, kinachokataza kila upande kujiunga na muungano dhidi ya mwenzake au kuacha ardhi yake itumiwe kumshambulia. Kuhusu hicho kifungu cha 4 Amman haichezi.

Ya pili ni mkataba wa kubadilishana wahalifu kati ya Jordan na Marekani wa mwaka 1995. Huu uliridhiwa na mfalme lakini haukupita bungeni. Kwa miaka hakuna aliyejali. Machi 2017 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya Ahlam Tamimi, aliyehukumiwa Israel kwa shambulio la mkahawa wa Sbarro mjini Jerusalem mwaka 2001 na kuachiwa katika ubadilishanaji wa wafungwa wa 2011, akaenda kuishi Jordan. Siku chache baadaye mahakama ya juu ya rufani ya Jordan iliamua kwamba mkataba hauna nguvu, kwa sababu bunge halikuuidhinisha. Marekani inauhesabu kuwa unatumika. Hakukabidhiwa.

Ya tatu ni gesi. Septemba 2016 kampuni ya umeme ya taifa, NEPCO, ilisaini kununua gesi ya kisima cha Leviathan cha Israel, mita za ujazo bilioni 45 kwa miaka 15, kwa thamani ya takriban dola bilioni 10. Waandamanaji walijaa barabarani. Septemba 2019 Mahakama ya Katiba ikasema kwamba haya ni makubaliano kati ya kampuni na kampuni, hivyo kifungu cha 33 hakihusiki. Gesi ikaanza kuingia Januari 2020. Mwezi huohuo wabunge wakaunga mkono kwa kauli moja muswada wa kupiga marufuku gesi ya Israel, na gesi ikaendelea kuingia.

Ya nne ni makubaliano ya ulinzi na Marekani, yaliyosainiwa mwisho wa Januari 2021. Wanajeshi wa Marekani, magari yao na ndege zao huingia na kutoka kwa uhuru, wanabeba silaha, hawatozwi kodi, na wanatumia vituo vilivyokubaliwa bila kodi ya pango. Ukilisoma fungu la pili la kifungu cha 33 kama lilivyoandikwa, ni vigumu kueleza vipi mambo haya hayagusi haki za Wajordan wala hazina. Hata hivyo yalipitishwa kwa amri ya kifalme, yakachapishwa katika Gazeti la Serikali mwezi Machi, na wabunge waliolalamika wakabaki na malalamiko yao.

Ukilinganisha la pili na la nne utaona mchezo wenyewe. Hati zote mbili hazikupigiwa kura. Moja ilikufa kwa sababu hiyo, nyingine inafanya kazi kila siku. Kura ya bunge ni mlango wa dharura: ikulu huuacha wazi pale inapodhani itauhitaji, na mahakama hujua ni lini unatumika. Kwa hiyo mchambuzi anayehesabu mikataba iliyosainiwa bila kuuliza ni nani aliyeiridhia, na kwa njia gani, atakosea pande zote mbili. Ataamini mkataba wa wahalifu na kudharau ule wa gesi.

Baada ya karatasi, angalia kilichofanyika usiku. Usiku wa kuamkia 14 Aprili 2024 Iran ilirusha zaidi ya droni na makombora 300 kuelekea Israel, mengi yakipita juu ya Jordan. Jordan ilikwisha kufunga anga lake kwa ndege za abiria, na jeshi lake la anga likadungua vilivyoingia. Vipande vilianguka barabarani Marj al-Hamam, ndani ya Amman. Tamko la serikali lilisema kwamba vitu vilivyoingia katika anga la nchi vilishughulikiwa kwa ajili ya usalama wa raia. Jina la Israel halikuwa na kazi katika maelezo hayo, na waziri wa mambo ya nje, Ayman Safadi, alisema kwamba wangefanya vivyo hivyo kama droni zingetoka Israel. Jambo hilo lilirudiwa Oktoba 2024 na Juni 2025 kwa lugha ileile. Anayesubiri Jordan iseme "tulimlinda mshirika" hatalisikia neno hilo, na kwa maoni yangu halihitaji. Kombora lililodunguliwa limedunguliwa.

Mtindo huu haukuanza na mfalme wa sasa. Tarehe 25 Septemba 1973 Mfalme Hussein alikutana kwa siri na Golda Meir karibu na Tel Aviv, akamweleza kwamba jeshi la Syria limejipanga tayari kwa vita. Vita vilipoanza tarehe 6 Oktoba, Jordan haikufungua uwanja wa mapigano kwenye mpaka wake mrefu na Israel; ilituma Brigedi ya 40 ya vifaru kupigana upande wa Syria, mbali na ardhi yake. Msomaji atauliza: hapo alikuwa mshirika wa nani? Alimpa kila mmoja kitu cha kumridhisha na akabaki na ufalme wake. Miaka sita kabla ya hapo alijiunga na mkataba wa ulinzi wa Misri siku chache kabla ya vita vya 1967 na akapoteza Ukingo wa Magharibi wote. Naona somo la 1967 katika kila alichofanya baadaye.

Mara moja hesabu ilimwendea vibaya kwa Wamarekani. Mwaka 1990 na 1991 alikataa kuingia katika muungano dhidi ya Iraq. Mitaani Saddam Hussein alipendwa, na Iraq ndiyo iliyokuwa soko na chanzo cha mafuta. Bunge la Marekani likasimamisha misaada, Saudi Arabia ikafunga bomba la mafuta, na watu wapatao 300,000 waliokuwa wakiishi Kuwait na nchi za Ghuba wakarudi Jordan bila ajira. Mwaka 2003 mwanawe hakurudia. Alipinga vita vya Iraq kwa maneno, huku vikosi maalumu vya Marekani vikitumia jangwa la mashariki kimyakimya. Hapo palihama mstari: kabla ya 1991 Jordan ingeweza kukataa kwa vitendo, baada ya hapo hukataa kwa kauli.

Na bei yake inajulikana. Hati ya makubaliano ya misaada ya Marekani kwa Jordan, ya Septemba 2022, inaahidi dola bilioni 1.45 kwa mwaka kwa miaka ya fedha 2023 hadi 2029, jumla bilioni 10.15. Ile ya kabla yake ilikuwa bilioni 1.275 kwa mwaka. Soma neno "inaahidi" kwa uangalifu: hati ya aina hii haina nguvu ya sheria, na kila senti lazima ipitishwe na Bunge la Marekani kila mwaka.

Hapa ndipo swali la kutegemewa lazima ligeuzwe, tuulize kama washirika wa Jordan nao wanategemewa, jambo ambalo wengi wanaolijadili hawalifanyi. Jordan ina hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO tangu 1996. Kenya nayo ilipewa hadhi hiyo Juni 2024, hivyo ni vyema kujua ndani yake mna nini: kipaumbele katika kupata vifaa vya ziada vya jeshi la Marekani, ruhusa ya kuhifadhi akiba ya silaha za Marekani nchini, ushirikiano katika utafiti wa kijeshi, na nafasi kwa kampuni kuomba baadhi ya kazi za ukarabati. Ahadi ya kulindwa ukishambuliwa haimo kabisa. Februari 2025 Rais Trump alidokeza kwamba angeweza kuzuia misaada kama Jordan ingekataa kupokea watu wa Gaza. Mfalme Abdullah alifika Ikulu ya Marekani tarehe 11, akajitolea kupokea watoto wagonjwa 2,000, na hakukubali lile lingine. Juni 2025 Israel ilipoanza kuishambulia Iran, ilifunga kisima cha Leviathan, na gesi ya Jordan ikakatika siku ileile. Aliyeshindwa kutimiza mkataba wa gesi, basi, hakuwa yule Mwarabu.

Kwa upande wa ujasusi nitapita haraka, kwa sababu kinachojulikana ni kidogo kuliko kinachodaiwa. Idara ya ujasusi ya Jordan inaheshimiwa sana Washington, na kosa lake kubwa linalojulikana lilikuwa la pamoja: tarehe 30 Desemba 2009, Khost, Afghanistan, daktari wa Kijordan ambaye Amman na CIA walidhani ni wao alijilipua na kuua watu saba wa CIA, afisa wa Jordan na dereva wa Kiafghani. Hakuna upande uliousaliti mwingine. Wote walimwamini mtu mmoja.

Kipimo kimoja ninachoshauri kiachwe kabisa ni kura za Umoja wa Mataifa. Sheria ya Marekani inaitaka wizara ya mambo ya nje ipeleke taarifa bungeni ya jinsi kila nchi ilivyopiga kura ikilinganishwa na Marekani, na takwimu hizo hupendwa kwa kuwa ni rahisi kunukuu. Oktoba 2023 Jordan ndiyo iliyowasilisha katika Baraza Kuu azimio la kusitisha mapigano Gaza, Marekani ikapiga kura ya kupinga. Kwa kipimo hicho Jordan ni mpinzani. Miezi sita baadaye ilikuwa ikidungua droni za Iran.

Ukitaka kufuatilia kwa vitendo, anza na Gazeti la Serikali la Jordan kabla ya magazeti ya kawaida, utazame hati ipi imechapishwa kwa amri ya kifalme na ipi imepelekwa bungeni. Uchaguzi wa Septemba 2024 uliipa Islamic Action Front, chama cha upinzani cha Kiislamu, viti 31 kati ya 138, na Aprili 2025 serikali ikapiga marufuku Muslim Brotherhood, kundi mama la chama hicho. Kadiri bunge linavyozidi kuwa na wapinzani, ndivyo ikulu itakavyokuwa na sababu zaidi ya kulikwepa, na ndivyo mikataba mipya itakavyozidi kuwa ya aina ya NEPCO: kampuni kwa kampuni, taasisi kwa taasisi. Hati ya misaada inakwisha na mwaka wa fedha 2029, na mazungumzo ya hati kama hizo huanza mapema. Kama itakayofuata itakuwa na kiasi kidogo, au ya mwaka mmoja mmoja, tazama kwanza vituo vile vya 2021 na idadi ya ndege za Marekani pale Azraq, kwenye kambi ya jeshi la anga.