Pentamita Si Mizani Kumi, Jamani

Huyu ni wa nne mwezi huu. Kijana kaja barazani kwangu Langoni, hapa Lamu, baada ya Alasiri, kafungua daftari. "Maalim, nimetunga pentamita ya iambi. Mizani kumi kamili, hesabu mwenyewe." Mshororo wa kwanza: *Donkeys carry coral under hot sun*. Nikahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Kumi, haipungui wala haizidi. Pentamita? Hata kidogo.

Kijana simlaumu. Aliyekulia kwenye utendi, shairi letu refu la masimulizi, ana mizani vidoleni: nane kila kipande, vipande vitatu kina kimoja, cha nne kinabeba kina cha utendi mzima. Akisikia Waingereza wana mshororo wa silabi kumi, anaona kakutana na ndugu. Ninaowalaumu ni walimu wenzangu wanaoandika ubaoni "pentamita = mizani 10" kisha wakaenda kunywa chai.

*Pente* kwa Kiyunani ni tano. Tano! Tano za nini? Za futi, na futi ya iambi ni silabi nyepesi ikifuatwa na nzito. Chukua tari upige: ti-DU, ti-DU, ti-DU, ti-DU, ti-DU. Sasa wasome punda wa kijana: DON-keys CAR-ry CO-ral UN-der HOT SUN. Wanatembea kinyumenyume, mwishoni wanagonga ukuta wa kichochoro. Nikambadilishia: *The donkeys carry coral in the sun*. Silabi bado kumi, lakini sasa zinalifuata tari.

Mbona sikio letu halilishiki jambo hili? Kwa sababu mkazo wa Kiswahili hauhamihami. Umekaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Maneno yanayoasi ni machache: kuna baraBAra ya magari, ambayo mjini kwetu hatuijui sana, na baRAbara ya "sawasawa", ambayo ndiyo iliyoasi. Kitu kilichopo mahali palepale kila siku, mshairi akihesabu cha nini? Kiingereza ndicho chenye fujo. *Photograph* inakazwa mwanzo, *photography* silabi ya pili, *photographic* ya tatu. *Record* ukiikaza mwanzo ni nomino, ukiikaza mwisho ni kitenzi. Watu wa lugha kama hiyo lazima wapime uzito.

Na anayeshikilia kumi anihesabie huu wa Shakespeare: *To be, or not to be, that is the question*. Kumi na moja. Hakukosea. Silabi ya mwisho ni nyepesi, imening'inia nje ya futi ya tano, na wenyewe wanaikubali tangu zamani. Kwetu mzani mmoja ukizidi tunasema guni, shairi lenye kasoro, tena mbele ya mtunzi.

Hapa niungame. Katika mshororo wangu wa punda, futi ya nne inataka *in* liwe zito. Nani mwenye akili zake anayelikaza *in* akizungumza? Wapo wanaosema uzito hupimwa kwa jirani: *in* ni zito kuliko *-ral* iliyo kabla yake, inatosha. Wengine watakuambia mikazo inayosikika ni minne tu, pigo la tano tunalipiga kichwani. Nimefundisha yote mawili, inategemea siku. Hata hiyo *that is* ya Shakespeare, nikisoma peke yangu nalikaza *that*. Darasani kengele ikikaribia, najikuta nalikaza *is*.

Blank verse nayo si guni, wala si shairi huria. Haina vina lakini futi zake tano zimo, kama Paradise Lost ya Milton ya 1667. Shairi huria halifungwi na vina wala futi. Tumemaliza hilo.

Kijana alirudi kabla ya Magharibi, na swali badala ya shairi. "Maalim, utendi ukiimbwa, mahadhi yanavuta silabi nyingine na nyingine yanazipita mbio. Huo si uzito?" Nikamwambia mahadhi hubadilika mwimbaji akibadilika, na mizani inabaki nane, kwa hiyo kwenye hesabu hayamo. Akaitikia kwa adabu, lakini niliona hakuridhika. Nami usiku nilipojiimbia beti mbili tatu, nilisikia kile alichokuwa akikisikia yeye.