Maadili ya Shule Hayasomeki Getini: Wazazi Wanayodhani Kuhusu Sekondari na Yanayotokea Kweli

Kila mwaka, siku ya kuwapokea wanafunzi wapya, nasimama mbele ya wazazi na kuieleza shule. Nimeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu kiasi kwamba maswali nayajua kabla mtu hajanyoosha mkono: mwaka jana walifaulu wangapi, walimu ni wakali kiasi gani, simu zinaruhusiwa au la. Ni maswali halali. Ila mwaka mmoja mama aliyeketi safu ya nyuma aliuliza, “Mwalimu, mtoto akikosea jibu darasani, wenzake humfanyaje?” Ukumbi ukacheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu moja. Tulikuwa na madarasa ambamo angezomewa, na madarasa ambamo wenzake wangemsubiri ajaribu tena, yote chini ya kauli mbiu ileile.

Tangu siku hiyo siku za mapokezi sizianzi tena na historia ya shule. Naanza na yale ambayo wazazi wanayaamini, maana mengine yanawafanya waitafute shule nzuri mahali isipokaa.

“Maadili ya shule yameandikwa pale getini”

Yaliyoandikwa getini ni matumaini. Heshima, bidii, uadilifu: sijawahi kuona shule iliyojiandikia uvivu na dharau. Maneno yaleyale utayakuta kwenye shule ambayo mtoto anaamka akiitamani, na kwenye shule ambayo kila Jumatatu tumbo linamuuma. Tofauti imejificha kwenye mambo madogo ambayo hakuna anayeyapaka rangi ukutani. Mwalimu amekosea hesabu ubaoni, mwanafunzi akamsahihisha: atasema ahsante au atamfokea? Daftari lililookotwa uwanjani linafika ofisini, au linachanwa kurasa? Aliyechelewa anaulizwa kilichomchelewesha kabla ya kuadhibiwa? Anayefagia korido anasalimiwa kwa jina?

Kwa hiyo kama unataka kuijua shule, usitosheke na siku ya sherehe, siku ambayo hata sisi walimu tunatembea kwa adabu tusiyoizoea. Omba ruhusa ofisini uje siku ya kawaida, wakati wa mapumziko. Sikiliza wanavyoitana. Tazama nani amesimama peke yake, na kama kuna mtu mzima aliyeliona hilo. Pitia na vyoo vya wanafunzi. Ofisi ya mkuu wa shule inaweza kupakwa rangi kwa ajili ya wageni. Vyoo husema kweli mwaka mzima.

“Shule kali ndiyo yenye nidhamu”

Hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi, na mara nyingi inatoka kwa mzazi mwenye mapenzi ya kweli. “Mwalimu, huyu nimekukabidhi, mbane mpaka anyooke.” Naelewa anachoogopa. Lakini neno nidhamu limebebeshwa mizigo miwili isiyofanana. Mmoja ni ukimya unaoletwa na hofu. Huo hupatikana kwa wiki moja, na hutoweka mwalimu akigeuza kisogo. Mwingine ni mtoto kujitawala mwenyewe hata akiwa peke yake, na huo unachukua miaka.

Mwaka 2016 watafiti wawili, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, walizikusanya tafiti za miaka 50 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000 na kupigwa kwao na wazazi. Kipigo hakikuonekana kuleta utiifu wa kudumu. Kilikwenda sambamba na utukutu, ugomvi na matatizo ya kihisia. Utafiti wao ulitazama nyumbani, si darasani, ila mtoto ni yuleyule. Wala hoja yenyewe si mtindo wa juzi. Poland ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 1783. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule iendeshwe kwa namna inayolinda utu wa mtoto.

Shule isiyopiga haigeuki nyumba ya kambare, ambamo kila mmoja ana sharubu. Kanuni zinabaki, tena zinafuatwa zaidi zikiwa chache, zikijulikana na wote, na zikimgusa hata mtoto wa mjumbe wa bodi. Adhabu inafungamana na kosa: aliyechafua anasafisha, aliyevunja anatengeneza, aliyetukana anaomba radhi mbele ya walewale waliolisikia tusi. Halafu kesho yake anapokelewa upya kama mwanafunzi mwingine yeyote. Hilo la mwisho ndilo gumu kwetu walimu, na mimi nimo. Kuna watoto niliowabebea makosa yao muhula mzima wakati wao walishaacha.

“Mwanangu namjua, hawezi kufanya hivyo”

Mzazi anaposema hivi hadanganyi. Anamjua mtoto wa nyumbani. Mwalimu naye hadanganyi. Anamjua yule wa korido. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa vijana na watu wazima mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, ambamo mchezaji anaamua kusimama au kuendelea taa inapobadilika. Wakicheza peke yao, vijana hawakutofautiana sana na watu wazima. Wenzao walipowekwa chumbani kutazama, vijana walianza kuhatarisha mno, ilhali watu wazima hawakutikisika.

Basi kijana mpole wa nyumbani anaweza kweli kuwa ndiye aliyeruka ukuta, na upole wake usiwe wa kuigiza. Kikao kinachoanza kwa kubishana nani mwongo hupoteza nusu saa ya kwanza bure. Swali lenye faida ni hili: alikuwa na nani?

“Amefika sekondari, sasa ni mkubwa”

Mzazi aliyekuwa anakagua madaftari kila jioni ananawa mikono siku ya kwanza ya kidato cha kwanza. Mwingine anafanya kinyume: anaketi na mtoto mezani, anashika kalamu, anafanya naye zoezi la aljebra mpaka wote wawili wanaishia kununiana. Wote wanadhani wanatimiza wajibu.

Nancy Hill na Diana Tyson walichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa tafiti 50 kuhusu ushiriki wa wazazi kwa watoto wa umri huu. Kilichohusiana zaidi na matokeo mazuri hakikuwa kumsaidia mtoto kazi za nyumbani. Msaada huo ndio pekee uliokwenda pamoja na matokeo hafifu, labda kwa sababu wengi huwasaidia watoto ambao tayari wamekwama. Kilichofanya vizuri ni mazungumzo: mzazi kueleza anachokitarajia, kuhusisha masomo na maisha anayoyatamani mtoto mwenyewe, kujadili naye atasomaje na atajipangaje.

Kwa hiyo kazi haijaisha, imebadilika umbo. Huhitaji kujua kemia. Mtoto aliyefundishwa kemia leo anaweza kukufundisha wewe jioni, na hapo atajigundua mwenyewe palipo na shimo. Nimemwona mzazi asiyejua kusoma ambaye kila siku alimwambia binti yake, “Nisomee ulichoandika leo.” Alikuwa haelewi sehemu kubwa ya anachosikia, lakini binti alijua kuna anayesubiri.

Hapohapo niseme neno kuhusu alama za muhula wa kwanza. Zikishuka, nyumba nyingi hutangaza hali ya hatari: mtoto amekuwa mvivu, au shule haifai. Fikiria aliyekuwa na walimu wachache waliomjua kwa miaka sasa ana walimu wanane au kumi, kila mmoja na namna yake ya kuuliza na kusahihisha, na darasa lililojaa watoto ambao nao walikuwa wa kwanza huko walikotoka. Kushuka kidogo mwanzoni ni jambo la kawaida. Linalonishtua mimi ni mtoto anayeacha kuuliza maswali, hata kama alama bado ziko juu.

“Anayekesha ndiye anayefaulu”

Tumelelewa kuisifu taa inayowaka usiku wa manane. Mwili wa kijana una mpango mwingine. Wakati wa balehe saa ya ndani ya mwili husogea mbele, melatonini inayoleta usingizi inachelewa kutoka, na kijana hasikii usingizi mapema hata akilazwa. Asubuhi anaburutwa kitandani, anaitwa mvivu. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba wenye umri wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Miaka miwili kabla, chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo kilishauri masomo ya vijana yasianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Si kila shule inaweza kubadilisha kengele yake, lakini kila nyumba inaweza kuiondoa simu chumbani usiku.

Na hata saa za kusoma zenyewe tunazihesabu vibaya. Mwanafunzi anayerudia ukurasa uleule mara tano huhisi ameshaelewa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hilo mwaka 2006. Kundi moja lilisoma kifungu na kukirudia tena na tena. Jingine lilikisoma, likafunga karatasi na kujaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliojipima walikumbuka zaidi kwa mbali. Mtoto akikuomba umuulize maswali badala ya kukuomba umwache akeshe, mkubalie.

Michezo, kwaya, mdahalo na bustani ya shule havimwibii mtu masomo. Nimeona wengi wakibaki shuleni kwa sababu ya timu, wakati masomo peke yake yangewashinda.

“Kuonewa kidogo kunamkomaza”

Hapa huwa nashusha sauti, kwa sababu wanaolisema mara nyingi wamewahi kuonewa wao wenyewe, na wanataka kuamini kulikuwa na faida.

Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza jambo hili huko Sweden na Norway miaka ya 1970, alitofautisha uonevu na ugomvi wa kawaida. Wawili wenye nguvu sawa wakigombana, huo ni ugomvi. Uonevu unajirudia, unakusudiwa, na mmoja hana uwezo wa kujitetea. Ndiyo maana ushauri wa “mrudishie” haufanyi kazi: angeweza kurudisha, asingechaguliwa. Na kumpatanisha aonewaye na amwoneaye, wapeane mikono ofisini, ni kumhukumu kana kwamba alichangia.

Mwaka 1983, baada ya vifo vya wavulana watatu vilivyohusishwa na uonevu, Norway ilianzisha kampeni katika shule zake. Olweus aliwafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 wa mji wa Bergen, na ndani ya miaka miwili uonevu ulipungua kwa karibu nusu. Ukitazama walichofanya, hutaona maajabu: kanuni za darasa zilizo wazi, mikutano ya darasa, walimu kusimamia kwa karibu zaidi wakati wa mapumziko, mazungumzo mazito na mwoneaji, na wazazi kuitwa. Jambo la mapumziko nalirudia kila mwaka kwenye kikao cha walimu. Uonevu haupendi vipindi, unapenda korido, foleni, basi na njia ya kwenda chooni. Siku hizi unapenda pia kundi la ujumbe la darasa, linaloendelea kuchemka hata mtoto akiwa kitandani.

Watoto hawasemi. Wanaogopa kuitwa wachongezi, au wanaogopa mzazi atavamia shule kesho yake asubuhi na kuwaaibisha. Kwa hiyo usingoje maneno. Tazama sare iliyochanika bila maelezo, vifaa vinavyopotea kila wiki, njia mpya ndefu ya kurudi nyumbani, maumivu yanayokuja Jumapili jioni. Ukimuuliza “nani anakuonea?” atasema hakuna. Muulize, “mapumziko unakaa wapi?” na umwache aeleze taratibu. Shule ikikujibu kwamba kwetu hakuna uonevu, endelea kuuliza. Shule inayolishughulikia jambo hili hukwambia linatokea wapi na nani anasimama hapo.

“Nikiitwa shuleni, kuna balaa”

Kosa hili ni letu walimu. Tumewazoesha hivyo. Namba ya shule ikiingia kwenye simu, mzazi anatafuta mahali pa kukaa kabla ya kupokea.

Nimejaribu kulirekebisha kwa kupiga simu mbili kila wiki zisizo na lawama: fulani amemwelekeza mgeni maabara bila kuombwa, fulani amekiri kosa ambalo hakuna aliyekuwa ameligundua. Juzi nilimpigia baba mmoja kumwambia kijana wake aliokota pesa uwanjani na kuzileta ofisini zote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyamaza kidogo, akashusha pumzi, akaniuliza, “Sawa, Mwalimu. Na kosa lenyewe ni lipi?”