Kabla ya kuwasha feni, jiulize hewa mpya itaingilia wapi

Nikiingia kukagua jengo, kifaa changu cha kwanza ni karatasi laini ya chooni. Nachana kipande, nawasha feni ya bafuni, nakiweka kwenye wavu wake. Kikinata, feni inavuta. Kikianguka, inapiga kelele tu. Kisha nafunga mlango na kujaribu tena. Mara nyingi kipande kile kile sasa kinalegea. Mlango umegusa sakafu, hivyo hewa ya kuziba nafasi ya ile inayotoka haina pa kupita. Uwazi wa sentimita moja au mbili chini ya mlango kwa kawaida humaliza tatizo.

Wengi wanadhani kiyoyozi cha ukutani kinaleta hewa safi. Aina iliyozoeleka hupoza na kuzungusha hewa ile ile ya chumbani. Nje, hewa ukaa, gesi tunayoitoa tukipumua, ni takriban sehemu 420 kwa kila milioni. Chumba kilichofungwa wakilala watu wawili kinaweza kupita 2,000 kabla hakujapambazuka.

Mfumo wa bei nafuu wa kubadilisha hewa ni wa kuvuta: feni hutoa hewa chafu, na hewa mpya huingia kupitia nyufa na matundu. Unafaa jikoni na bafuni, lakini naomba sana uwe mwangalifu kama ndani kuna hita ya gesi inayotegemea bomba la moshi. Feni kubwa ikivuta ndani ya nyumba isiyo na matundu, inaweza kurudisha moshi chini pamoja na kaboni monoksaidi, gesi inayoua bila harufu. Usiweke feni hiyo kabla fundi hajapima.

Mfumo wa kusukuma hufanya kinyume: huingiza hewa iliyochujwa, na ya ndani hujitokea yenyewe. Ndiyo maana vyumba vya upasuaji husukumiwa hewa, ili vumbi la korido lisiingie, ilhali wodi za kutenga wagonjwa wa maambukizi ya hewa huvutwa, ili vijidudu visitoke. Kwenye baridi kali, hata hivyo, kusukuma hupeleka unyevu wa ndani kwenye kuta, ukageuka maji humo na kuzaa kuvu.

Ninaoupenda zaidi ni mfumo wenye mizani: feni moja huingiza, nyingine hutoa, kwa kiasi sawa. Ukiongezewa kibadilisha joto, hewa mbili hupishana kwenye bamba nyembamba bila kuchanganyika, na inayotoka huiachia inayoingia joto lake. Mashine nzuri huokoa asilimia 70 hadi 90 ya joto hilo. Zipo pia zinazopitisha unyevu, na hizo husaidia sana mahali penye fukuto, kwa sababu sehemu ya unyevu wa nje hurudishwa nje kabla haujafika chumbani.

Lakini mizani hiyo ni ya kutunzwa. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba yenye mashine ya namna hii, wenyewe wakilalamika kuamka na kichwa kizito. Nilichomoa chujio la upande wa kuingizia: lilikuwa jeusi, limeshikamana kama blanketi lililolowa. Feni ya kutoa ilikuwa ikivuta peke yake kwa miezi, na mfumo wa gharama kubwa ulikuwa umegeuka feni ya bafuni. Hakuna aliyewaambia kwamba chujio hubadilishwa. Niliweka jipya, nikapima pande zote mbili, kisha nikaandika tarehe ya kubadilisha kwa wino mzito kwenye mfuniko wa mashine.