Enthousiasmos si neno la Biblia, wala si uchangamfu tu

Wahubiri na wahamasishaji hupenda kutuambia kwamba neno la Kigiriki enthousiasmos maana yake ni "Mungu ndani yako", na kwamba ndilo neno la Biblia la bidii. Nusu ya kwanza inakaribia ukweli: neno limetokana na entheos, yaani mwenye mungu ndani. Nusu ya pili si kweli. Enthousiasmos halimo kabisa katika Agano Jipya.

Tena Wagiriki wa kale hawakumaanisha uchangamfu wa Jumatatu asubuhi. Katika Ion, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato, mshairi hawezi kutunga mpaka mungu amwingie na akili zimtoke. Kwa Kiswahili hapo tungesema amepagawa. Ukienda kwenye usaili wa kazi na hali hiyo, sidhani utaitwa tena.

Paulo alitumia maneno mengine. Katika Warumi 12:11 ni spoude, bidii yenye haraka ndani yake. Katika 2 Wakorintho 8 kuna prothymia, utayari wa moyo.

Gumu zaidi ni zelos, kwa kuwa linabeba ari na wivu kwa pamoja. Ndiyo maana Yohana 2:17, katika tafsiri ya Kiswahili tuliyoizoea, husomeka "Wivu wa nyumba yako utanila", na wengi hudhani mfasiri aliteleza. Hakuteleza. Zelos hilohilo, katika Wagalatia 5:20, limo kwenye orodha ya matendo ya mwili, jirani na ugomvi na hasira.